Mama hasi, mimi chanya

Kijana wa maabara aliishika kadi nyeusi kwa vidole viwili, akawa anaizungusha taratibu, kama mtu anayepepeta mchele wa kiganja kimoja. Juu ya kadi palikuwa na miduara, na ndani ya kila mduara tone jeupe kama tui la nazi. Miwili ilikuwa yetu: wa Mama, na wangu pembeni yake.

Zikapita kama dakika mbili.

Tone la Mama likabaki laini vilevile. Langu likaanza kukatika. Vipunje vidogo vikajikusanya, kama maziwa yaliyosahauliwa nje usiku wa joto la Mtwara.

"Mgonjwa ni wewe?" akaniuliza.

Nikamwonyesha Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mikono imelala mapajani, viganja juu. Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya gauni. Mimi ndiye niliyemkamulia dawa ya meno.

Yule kijana akaitazama kadi tena. Akasoma majina kwenye vichupa. Akaandika.

Kilikuwa kipimo cha baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, wala sikuwa nimeandikiwa kupimwa. Mama anaogopa sindano kuliko anavyoogopa nyoka, na siku ile aligoma katakata mpaka aone mwenzake anatolewa kwanza. Nikanyoosha mkono, nikalipia vipimo viwili, nikamtania kwamba nimemnunulia ujasiri. Basi, habari hii niliingia kwa mlango wa utani, na wiki ya saba hii sijauona mlango wa kutokea.

## Mikono inayoamka saa nne

Mama anaishi Newala. Amebangua korosho tangu sijazaliwa, na si za kiwandani. Ni zile za nyumbani, unazikaanga kwenye bati mpaka ziwake moto zenyewe, unazimwaga mchangani zizimike, halafu unakaa chini na kipande cha mti unagonga moja moja. Mafuta ya ganda yanaunguza. Vidole vya mbanguaji huwa vyeusi, ngozi inabanduka vipande vipande, na majivu unayojipaka yanasaidia kidogo tu.

Kwa hiyo viungo vya vidole vyake vilipoanza kuvimba, kila mtu alikuwa na jibu. Mafuta ya korosho hayo. Umri huo. Upepo huo: Newala iko juu, na aliyewahi kusimama Shimo la Mungu alfajiri anaujua ule unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Hata jina la ugonjwa limekaa kihivyo, baridi yabisi, kwa hiyo dawa yake ikawa sweta na kukaa karibu na moto. Mjomba, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, alisema ni mkono wa mtu. Akamtaja na huyo mtu. Simwandiki, maana mpaka leo tunaazimana naye kinu.

Hakuna aliyemuuliza Mama ni saa ngapi.

Yeye alikuwa ameshasema, tena mara nyingi, ila tulilichukulia kama neno la kuchekesha: "Mimi naamka alfajiri, mikono yangu inaamka saa nne." Kati ya alfajiri na saa nne hakunji ngumi, hashiki kikombe kwa mkono mmoja, hafungi kanga ikakaza. Ikifika adhuhuri anarudi kwenye korosho zake, polepole, lakini anabangua. Wageni huja adhuhuri. Wanamkuta mama anafanya kazi, wanaondoka wakisema anadeka.

## Karatasi ya kwanza

Sehemu hii nimeifuta mara tatu.

Mwaka juzi Mama alipimwa kwenye kituo kimoja. Walimpima RF, kitu kinachotafutwa kwenye damu ya wenye baridi yabisi, kwa kipimo hikihiki cha kadi nyeusi. Kikatoka hasi. Akaambiwa hana baridi yabisi, akapewa diklofenaki za siku tano za kutuliza maumivu, akarudishwa nyumbani. Jioni akanipigia simu. Nilikuwa kazini, nina haraka, na nilifurahi kweli kusikia. Nikamwambia, "Mama, umepimwa, huna kitu. Tembeatembea kidogo, punguza mawazo."

Punguza mawazo.

Sikuwa na haja ya kumjua yule aliyepima, wala kipimo kinatafuta nini, wala kinakosea mara ngapi. Karatasi ilikuwa na muhuri. Mama alikuwa na mikono tu. Nikaiamini karatasi siku hiyohiyo, kwenye simu, kabla salio halijaisha.

Kuanzia hapo hakulalamika tena kwangu. Alipokuja Mtwara mwaka huu kwenye arusi ya mdogo wetu, ndipo nilipokiona kidole chake cha shahada cha kulia. Kilikuwa kimeanza kulala upande wa kidole cha mwisho, kama mti wa ufukweni uliozoea upepo wa upande mmoja. Nikajaribu kukinyoosha kwa upole. Kilinyooka nikikishika. Nikakiachia, kikalala tena.

## Aliyetufanyia kipimo cha embe

Tulimpata daktari bingwa aliyekuja na kambi ya matibabu ya siku chache. Foleni ilikuwa ya kufa mtu, sitaki hata kuieleza.

Hakuanza na karatasi. Aliuchukua mkono wa Mama, akauzungushia kiganja chake pale kwenye mafundo ya ngumi, akaubana kutoka pembeni, kidogo tu, kama unavyojaribu embe sokoni ujue limeiva. Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Daktari akaachia, akaomba radhi, "Samahani sana, mama yangu." Halafu akapapasa kiungo kimoja kimoja kwa ncha za vidole gumba. Akaniita nami niguse. Palikuwa panabonyea. Nilitegemea ugumu wa mfupa. Hapakuwa na mfupa pale juu, palikuwa na kitu kilichojaa, chenye joto. Mkono wa kulia na wa kushoto, viungo vilevile.

Akamuuliza: "Asubuhi mikono inachukua muda gani kulegea?"

Mama akanitazama mimi kwanza. Kisha akamjibu, "Inaamka saa nne."

Daktari hakucheka. Aliandika.

Ndipo akatutuma maabara, na huko ndiko ilikotokea ile ya kadi. Tuliporudi, Mama hasi kwa mara ya pili, ila ESR yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kuna uvimbe mwilini, iko juu sana, mimi nikiwa nimekunja karatasi yangu ndani ya mkoba, hakushtuka hata kidogo. Akasema hii ni baridi yabisi yenyewe hasa, rumatoidi, na kwamba kati ya kila wagonjwa 10 wa aina hii, kama 3 wakipimwa RF hutoka hasi. Wapo wanaobaki hasi maisha yao yote huku viungo vinaliwa.

Nikamwambia, "Lakini daktari, mwaka juzi kipimo kilisema hana."

"Kipimo hakijaiona mikono yake."

Ndipo nikaitoa karatasi yangu mkobani, kwa aibu, kama mwanafunzi aliyekutwa na simu darasani.

## "Dada kakutwa pozitivu"

Kabla sijaeleza alichonijibu, acha niseme kilichotokea nyumbani, maana kilinifundisha kuhusu neno moja.

Nilimweleza mdogo wangu kwa simu. Naye akamweleza Mjomba, kwa sauti kubwa kama kawaida yake, akiwa dukani Newala: "Mama hana kitu, ila dada ndiye kakutwa pozitivu."

Kwetu neno hilo halihitaji kumaliziwa. Mtu anayesema pozitivu hasemi pozitivu ya nini, inajulikana. Jioni shangazi akanipigia, sauti imeshuka, akaniuliza kama nimeanza dawa, na akaniambia siku hizi watu wanaishi vizuri tu. Ilinichukua dakika ishirini kumwelewesha, na sidhani alinielewa. Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili anasisitiza tuseme chanya. Nilijaribu kwa Mama, naye akasema, "Kumbe chanya. Si ni jambo zuri hilo?" Na yeye aliyeambiwa hasi alikuwa amekaa siku mbili akidhani ndiyo habari mbaya.

Kusema kweli, Mama alikuwa amepatia. Hasi yake ndiyo iliyokuwa habari mbaya.

## Nikaanza kusoma

Daktari alinibana mikono, akaniuliza asubuhi yangu ikoje, akaniuliza kama navuta sigara, akaniuliza kama niliumwa karibuni. Nikamwambia nilikuwa na malaria, dawa mseto nilimaliza wiki tatu zilizopita. Akasema huenda ni hiyo, RF hupanda kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa homa ya ini aina ya C, na kwa uzee mtupu. "Huna ugonjwa. Ukiona viungo vinavimba, njoo." Akaita mwingine.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akalala.

Mimi nilisoma mpaka saa nane usiku, wiki nzima. Nikajifunza kwamba kingamwili ni askari wa mwili, na kwamba RF ni askari anayemkamata askari mwenzake: ni kingamwili inayoshika mkia wa kingamwili nyingine. Lile tone jeupe lina chembechembe za plastiki zilizopakwa kingamwili za binadamu. Damu yenye RF ikikutana nazo inazishikanisha, ndiyo ule mkatiko niliouona. Erik Waaler wa Norway aliuona mkatiko wa namna hiyo mwaka 1940, ila yeye alitumia chembe za damu ya kondoo. Vita vikaendelea, habari ikalala, mpaka ilipoibuliwa tena huko Marekani mwaka 1948.

Kisha nikapiga hesabu. Chukua watu wazima 1,000. Wenye ugonjwa huu tuseme ni 10, maana duniani inakadiriwa hauzidi mtu mmoja kwa mia. RF itawanasa kama 7. Wamebaki 990 wasioumwa, na ukikubali kwamba watu 5 kwa kila 100 wazima wana RF bila kuumwa chochote, hao ni kama 50. Kwa hiyo kati ya chanya 57, wagonjwa ni 7. Niliichora hesabu hii nyuma ya bahasha ya umeme, nikaipiga picha, nikamtumia mdogo wangu. Nilijisikia vizuri sana.

Usiku uliofuata nikakutana na wachangiaji damu wa Uholanzi.

Hawa walikuwa wagonjwa 79 ambao kabla ya kuugua walikuwa wakichangia damu, na sampuli zao zilikuwa bado zimehifadhiwa kwenye baridi. Watafiti wakazitoa, wakazipima, wakachapisha mwaka 2004. Karibu nusu walikuwa na RF, au kingamwili nyingine nitakayoitaja hapa chini, au zote mbili, kabla hata kidole hakijauma. Kwa kawaida miaka minne na nusu kabla. Nikawaza: kumbe kuna watu walikuwa wanatembea, wanaoa, wanasukuma baiskeli, na karatasi yao imeshaandikwa, iko kwenye jokofu.

Hesabu yangu ya bahasha ikaanguka. Mimi si mtu yeyote tu wa kwenye elfu. Ni mwanamke, na ugonjwa huu unatupata sisi mara mbili hadi tatu ya wanaume. Na ni mtoto wa Mama.

Kuna kipimo kingine, anti-CCP, ambacho hakidanganywi kirahisi na malaria. Kinatafuta kingamwili dhidi ya protini za mwili zilizobadilishwa kidogo, zikawekewa kitu kinachoitwa sitrulini. Jina hilo, amini usiamini, linatokana na tikiti maji. Wajapani ndio walioichuja kwanza kutoka kwenye juisi yake. Sampuli ya Mama ilipelekwa Dar. Ikarudi hasi nayo. Ya kwangu sijaipeleka. Daktari hakuiagiza, na mtu asiye na dalili hapewi dawa kwa sababu ya karatasi. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu.

Sababu yenyewe ni kwamba niliposhuka kwenye basi la Nanyamba siku moja, peke yangu, nilijiona nilivyo. Karatasi iliposema Mama hana kitu, niliiamini kabla ya kukata simu. Iliposema mimi ninacho, nimeihoji wiki saba. Nimeitafutia malaria, nimeitafutia hesabu, nimeitafutia kondoo wa Norway. Juhudi hizo zote zilikuwepo mwaka juzi. Simu ninayosomea ni ileile niliyoongelea naye.

Kwenye kusoma huko nilimkuta pia daktari Brian Greenwood, aliyeandika mwaka 1968 kwamba magonjwa ya mwili kujishambulia, kama huu wa Mama, yalionekana adimu sana kwa waliolazwa hospitalini kule Ibadan, Nigeria. Akashuku kwamba malaria na vimelea vingine vinaushughulisha mwili usipate nafasi ya kujigeukia. Wazo zuri, na majaribio ya panya yalimpa nguvu. Mimi si mtaalamu. Ila nilipolisoma nilimkumbuka Mama na diklofenaki zake za siku tano, nikajiuliza wangapi walikuwa nyumbani siku hizo, wameambiwa ni upepo, wamekaa karibu na moto.

## Vidonge vya Ijumaa

Mama anatumia methotreksati. Ni mara moja kwa wiki, si kila siku, na daktari alilirudia hilo mpaka nikadhani ametuona wajinga. Baadaye nilielewa: ukiinywa kila siku inaweza kukuua. Mama akachagua Ijumaa, na ili asijisahau hufunga fundo kwenye pindo la kanga Alhamisi usiku na kulifungua akishameza. Vidonge vya foliki, vya kupunguza madhara yake, anakunywa siku nyingine. Kila baada ya muda anatolewa damu kuangalia ini, na bado anataka nitangulie mimi. Sasa hivi nanyoosha mkono tu, nesi anajifanya kunifunga mpira, Mama anaridhika.

Dawa ya pili ilileta ugomvi. Ni haidroksiklorokwini. Mama alisikia nusu ya mwisho ya jina.

"Klorokwini? Ile ya kuwasha?"

Aliyekuwa mtu mzima kabla ya mwaka 2001, serikali ilipoiacha kwa malaria, anaelewa. Watu walijikuna kwa miti ya mlangoni. Nikamweleza kwamba hii ni ndugu yake, na kwamba zamani iligundulika dawa za malaria zinapoza viungo na ngozi za wagonjwa wa aina hii. Akasema yeye hana malaria, mwenye malaria ni mimi. Akaikubali Mjomba alipomwamuru. Sikuwahi kufikiri nitamshukuru Mjomba kwa jambo la hospitali.

Siku hizi mikono yake inaamka saa moja na nusu asubuhi. Kidole kilicholala hakijarudi, na daktari alishatuambia hakitarudi.

Jumapili iliyopita nilikuwa Newala. Nilimkuta mlangoni anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, kisu kidogo, maganda membamba, bakuli la maji pembeni. Ile kazi ya vidole hasa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikakaa kwenye mkeka.

Akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaushika mkono wangu wa kulia, akauzungushia kiganja chake kwenye mafundo ya ngumi, akabana kutoka pembeni.

"Panauma?"

"Hapaumi, Mama."

Akabana tena, kwa nguvu zaidi, akiniangalia usoni na si mkononi.

"Asubuhi je? Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Sikuulizi wewe. Mikono."

Nikamwambia mikono nayo huwa inaamka saa kumi na mbili. Akaupapasa mkono wa kushoto pia, kiungo kimoja kimoja, kwa kidole gumba, bila haraka, kama alivyofanyiwa. Kisha akanipa kisu, akasogeza bakuli upande wangu.